Mjomba wa Ghorofa ya Tisa

Jumatatu, tarehe 3

Zimebaki siku kumi na moja. Mratibu wa mafunzo ametangaza leo mbele ya darasa zima: asiyerudisha fomu yenye muhuri wa mwajiri kufikia Ijumaa ya tarehe 14, saa kumi alasiri, atarudia mwaka. Alisema mara mbili. Mara zote mbili alikuwa ananitazama mimi.

Wenzangu wote wa Utunzaji wa Kumbukumbu wameshapata pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Tumebaki wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine ni Faili, aitwaye hivyo kwa sababu hajawahi kuonekana bila faili kwapani, hata akienda kuoga. Yeye amechelewa kwa kuwa alikuwa anachagua. Mimi nimechelewa kwa kuwa nasubiri kuchaguliwa.

Jioni nikamweleza shangazi. Ni dada wa pekee wa baba, fundi cherehani, na ndiye anayenihifadhi hapa mjini. Nalala sebuleni kwake, kati ya meza ya kukatia vitambaa na lile sanamu la kupimia nguo, ambalo halina kichwa lakini linavaa vizuri kunishinda. Shangazi alisema, pini zikiwa mdomoni, kwamba niende nikaseme ukweli na nijitume. Basi.

Maskini shangazi! Mji huu haumwingizi mtu kwa ukweli. Unamwingiza kwa mjomba. Kila aliyepata nafasi ana mjomba mahali. Mimi nami ninaye, mmoja, kinyozi. Ataniandikia barua ya nini, ya kunyolewa?

Jumanne, tarehe 4

Usaili wa kwanza. Kampuni ya bima. Nilijiandaa kisawasawa: nilikariri majibu matano kwa mpangilio. Mimi ni nani, udhaifu wangu, nguvu yangu, miaka mitano ijayo, na shukrani. Kosa lilikuwa la wasaili. Wao hawakukariri maswali.

Waliniuliza kama nilipata shida kufika. Nikajibu kuwa mimi ni kijana mchapakazi nisiyependa makuu. Wakauliza naishi na nani. Nikasema huo ndio udhaifu wangu mkubwa. Wakauliza kama ningependa maji. Nikasema hapo ndipo penye nguvu yangu, hasa kazi ikizidi. Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole lini nilianza kujisikia hivi. Nikamwambia: katika miaka mitano ijayo.

Wakaahidi kunipigia simu. Namba hawakuchukua.

Jumatano, tarehe 5

Siku ya ushindi! Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari, kisha nikafuta, shangazi asije akauliza.

Kuna kampuni inayofunga na kutengeneza lifti. Ofisi yao iko ghorofa ya tisa. Lifti yao ni mbovu. Mlangoni pake wamebandika karatasi: "Samahani. Fundi ameitwa." Chini kuna saini na muhuri wa kampuni ileile. Wamejiita wenyewe na bado hawajaja.

Mlinzi wa chini akaniuliza namjua nani huko juu. Nyuma yake ukutani kulikuwa na picha ya Mkurugenzi: nywele zimechanwa njia upande wa kushoto, masharubu yametunzwa. Mdomo wangu ukafunguka bila ruhusa yangu. Nikasema yule ni mjomba wangu.

Mlinzi akasimama! Akanipa kiti chake! Akapiga simu juu. Nilipopanda, ghorofa ya nne nilikuta mtu ananisubiri na glasi ya maji. Ya tisa, katibu akaniletea chai na kuniuliza habari za nyumbani. Kabla sijaimaliza, jina langu lilikuwa kwenye orodha ya usaili wa Ijumaa. Nafasi ni mbili, waombaji sita. Faili naye yumo. Alikuwa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, kwa sifa zake mwenyewe, bila chai.

Akaniuliza nimewafahamu vipi. Nikamwambia mambo ya ukoo hayasemwi koridoni. Akaandika kitu kwenye faili lake.

Alhamisi, tarehe 6

Maandalizi. Damu lazima ionekane. Nilikwenda kwa mjomba halali anichane njia upande wa kushoto kama ile ya pichani. Alinyoa polepole, akinishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa na miaka mitano, na hakutaka nimlipe. Nilijisikia vibaya kidogo. Kukaa kwenye kiti cha mjomba wako ili ufanane na mjomba wa watu si jambo zuri. Nikajipa moyo kwamba hata yeye angependa nifaulu.

Masharubu hayakubali kuota. Nitatumia wanja wa shangazi.

Ijumaa, tarehe 7

Naandika kabla sijavua viatu.

Wasaili walikuwa wawili. Fundi Mkuu, mzee mwenye bisibisi mfukoni. Na Afisa Rasilimali Watu, dada mwenye miwani, mtulivu, wa miaka thelathini na kitu. Ndiye mwenye muhuri. Nikakaa. Yule dada akasema amesikia kwamba Mkurugenzi ni mjomba wangu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ili aione ile njia. Akauliza: mjomba wa damu, au mjomba wa heshima tu?

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, wazi kabisa. Wa heshima! Herufi chache tu! Lakini mimi nikasema wa damu. Yeye na mama yangu, tumbo moja, ziwa moja.

Akavua miwani. Akasema Mkurugenzi ana dada mmoja tu duniani. Nikasema naam, ndiye huyo mama yangu. Akasema, "Dada huyo ni mimi."

Fundi Mkuu akaangusha bisibisi.

Akasema karibu mwanangu, na akaniuliza alinizaa lini. Nikamtajia tarehe. Akahesabu kwa vidole. Mwaka huo, akasema, alikuwa darasa la sita na alishika namba tatu katika hesabu. Sasa mtu ungefanya nini? Anayekimbia amekiri. Nikamwambia kwa sauti ya huruma, "Umesahau tu, mama." Fundi Mkuu akatoka nje akiwa ameziba mdomo. Jasho likanitoka. Masharubu yakaanza kushuka kuelekea kidevuni.

Yule dada akanipa karatasi ya kujifutia. Akasema damu yake haiwezi kuachwa nje. Niripoti Jumatatu saa mbili kamili, wiki moja ya majaribio, na muhuri atauwaza Ijumaa.

Nimepita! Sijui nimepita wapi, lakini nimepita.

Jumapili, tarehe 9

Shangazi anatafuta wanja wake. Nimesema sijauona. Ameuliza mbona sanamu lake lina masharubu kifuani. Nilikuwa najaribishia.

Jumatatu, tarehe 10

Lo! Mama huyu hana utani, au utani wake hauna mwisho.

Kwanza, salamu. Lazima nimwamkie shikamoo mama mbele ya ofisi nzima, na yeye aitikie marahaba mwanangu, ndipo kazi ianze. Pili, ametangaza kwamba mtoto wake ni mtoto wa wote. Mhasibu akawa mama mdogo. Katibu, mama mkubwa. Mlinzi wa chini akaomba awe babu, akakubaliwa. Na mtoto hutumwa. Nimeshuka na kupanda ngazi zile mara kumi na moja. Barua za ghorofa ya pili, funguo za ghorofa ya sita, chombo cha chakula cha mama alichokisahau kwenye gari. Saa saba akanitazama mbele ya wateja, akasema nimekonda, nivae sweta.

Faili naye amepata nafasi. Wamempeleka masijala, chumba cha nyaraka, anapanga kumbukumbu za lifti zote za mji tangu zifungwe. Kazi yenyewe tuliyosomea! Amekaa kitini! Nilipompelekea barua akaniuliza kama mama ameniruhusu kutoka. Simpendi.

Jumanne, tarehe 11

Mama ametaka kuona ripoti zangu zote za shule. Alisema alikosa malezi yangu na anataka kufidia. Nilizileta. Alizisoma moja moja mbele ya mama mdogo, na alipofika hesabu ya kidato cha pili akafuta miwani. Akasema kwa hesabu hizi kweli nimezaliwa na mtu wa darasa la sita.

Kisha akauliza baba yangu yuko wapi, maana yeye ana mume, na mume huyo yuko njiani kuja kumchukua. Akafika kweli. Mtu mpole, mwalimu wa udereva. Tukatambulishwa. Akanishika mkono, akasema amefurahi kunifahamu, na kwamba angependa kuambiwa mapema zaidi safari nyingine.

Niliona nirekebishe. Nimekaa chooni dakika ishirini nikitafakari, na kosa nikaliona. Si uongo wenyewe. Ni tawi! Nilipanda upande wa mama wakati ningepanda upande wa baba. Nikarudi nikamwambia mama kwamba ulimi uliteleza: Mkurugenzi si mjomba wangu, ni baba yangu mdogo.

Akafikiri. Akasema kumbe yeye si mama yangu. Nikashukuru. Akasema yeye ni shangazi yangu. Nikakubali haraka. Akauliza kama hapa mjini nina shangazi mwingine. Nami, bila kufikiri, nikasema ndiyo, nakaa kwake.

Akasema vizuri sana. Shangazi wawili wa mtoto mmoja hawawezi kuishi mji mmoja bila kujuana. Nimlete Alhamisi.

Jumatano, tarehe 12

Nilikuwa napanda na boksi la karatasi. Ghorofa ya tano nikamkuta mzee mmoja mnene, kipara, ameketi kwenye ngazi akihema, mkoba pembeni. Nikamhurumia. Nikaubeba mkoba wake juu ya boksi na tukapanda pamoja.

Akauliza kama mimi ni mfanyakazi mpya. Nikasema zaidi ya hapo: Mkurugenzi ni wangu. Akauliza wangu kivipi. Nikasema kwa sasa ni baba mdogo. Akauliza ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mkali kidogo, ila mimi ananisikiliza. Kwa mfano, mimi ndiye niliyemshauri kwamba kampuni ya lifti isiyo na lifti ni sawa na kinyozi mwenye nywele za mwaka mzima. Wateja wanafika juu wakiwa wameshaghairi. Mzee akasimama ghorofa ya saba kupumua. Akauliza, naye akasemaje? Nikasema bado anafikiri, si mwepesi sana.

Ghorofa ya tisa katibu akasimama wima na kusema shikamoo Mkurugenzi.

Ile picha ya chini ni ya miaka ishirini iliyopita! Hana njia upande wa kushoto! Hana nywele kabisa! Nani huacha picha ya uongo ukutani kwa watu waaminifu? Akachukua mkoba wake, akanitazama kichwani, kwenye njia yangu, kwa muda. Akasema ameusikia ushauri, na akafunga mlango.

Sikula mchana. Siku mbili zimebaki na sina muhuri. Nikikosa, narudia mwaka, na mama yangu, mama wa kweli, ameshawaambia majirani wote kuwa mwanawe anafanya kazi juu ghorofani.

Alhamisi, tarehe 13

Nilimwambia shangazi anahitajika kazini kwangu kwa mambo ya fomu. Akavaa gauni lake la shughuli. Akapanda ghorofa tisa bila kupumzika, sindano na uzi kwenye mkoba kama kawaida yake. Nikatumaini atachoka asiweze kusema. Hakuchoka.

Wakakutanishwa. Shangazi huyu akasema yeye ndiye dada pekee wa baba wa huyu mtoto. Shangazi yule akasema ajabu, na yeye pia. Wakageuka kunitazama kwa pamoja. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani. Ni ya mwaka juzi.

Shangazi wa kweli hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimweleza yule dada kila kitu: kwamba nina mjomba mmoja, kinyozi, mtu safi, na baba mdogo sina kabisa kwa sababu baba yangu ni kitinda mimba. Akasema mtoto huyu si mbaya, ila ukweli akiuona njiani anavuka barabara. Kisha akaona upindo wa sketi ya yule dada umefumuka. Akatoa sindano palepale. Nilipotoka niliwaacha wakicheka, na jina langu likitajwa kila baada ya mishono miwili.

Jioni mama wa kweli akapiga simu. Shangazi alikuwa ameshamwambia. Hakunigombeza. Aliuliza kwa sauti ndogo alinikosea wapi hata nikatafuta mama mwingine. Nikasema hapana mama, ilikuwa mbinu tu. Akauliza huyo mwenzake ananitunzaje, nakula? Nikasema alinivalisha sweta. Mama akasema hiyo ni kazi yake yeye, na akakata simu.

Nimelia. Siandiki zaidi.

Ijumaa, tarehe 14

Siku kubwa. Niieleze kwa utaratibu.

Asubuhi nilikuta mafundi wamejaa chini, wanafungua lifti. Amri ya Mkurugenzi. Mlinzi, yaani babu, akanipa mkono.

Saa sita yule dada akaniita. Mezani kulikuwa na fomu yangu, muhuri, na karatasi moja tupu. Akasema niandike ukweli wote, sentensi nitakazo, nitie sahihi. Nikaandika: "Mimi si mpwa wa Mkurugenzi, si mtoto wa kaka yake, wala si mtoto wako. Nilidanganya kwa sababu niliogopa kurudia mwaka. Namwomba radhi kila mtu niliyemwita ndugu, na mama yangu zaidi." Ilikuwa mara ya kwanza kuandika kitu bila kufuta. Nilijisikia mwepesi kama nimetua mzigo.

Akasoma. Akasema alitaka kuona nitaubeba uongo ule ghorofa ngapi, na nimemshangaza. Akasema pia kwamba wiki hii, kwa mara ya kwanza tangu lifti ife, barua zote za ofisi zimefika. Akapiga muhuri. Wiki nane, masijala, chini ya uangalizi wa Faili. Hata hilo nililipokea kwa furaha. Akasema niende, na kuanzia sasa ananijua kwa jina langu tu. Nikamshukuru. Nilishuka ghorofa zote tisa nikimpigia simu mama kumwambia ni yeye tu. Akasema alijua. Aliuliza kama nimevaa sweta.

Nikaapa kwamba sitadanganya tena.

Nilifika chuoni saa tisa na nusu. Foleni ya fomu: watu arobaini. Inasogea kama haitaki. Saa kumi mlango unafungwa. Saa kumi kasoro robo bado kulikuwa na ishirini na saba mbele yangu. Nikamwomba bawabu anisaidie. Akauliza: unamjua karani?

Nilifikiri kwa makini sana. Sikukurupuka kama siku ile. Mjomba ana dada. Baba mdogo ana dada. Basi tatizo lote lilikuwa undugu! Safari hii nisiguse undugu hata kidogo. Nikamwambia bawabu kwamba karani ni wajina wangu. Tuna jina moja tu, basi. Nani atapinga?

Bawabu akaniingiza na kunitangaza.

Karani ni bibi wa karibu miaka sitini, miwani imefungwa kamba shingoni. Alisimama taratibu. Akanishika mikono yote miwili. Akasema miaka thelathini na tano anapokea fomu za vijana na hajawahi kumpata wajina hata mmoja. Lilikuwa jina la bibi yake. Shuleni walimcheka kwa ajili ya jina hilo. Aliamini litazikwa pamoja naye. Akaanza kulia, machozi kweli kweli. Ndipo nikasoma kibao cha mezani. Jina refu, silabi saba. La kike.

Kwa haki, hapo ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa na mazoea nao, tangu saa sita mchana. Lakini mtu mzima analia! Nikamwambia kuwa mama yangu alitarajia binti.

Akachukua fomu. Akaona jina lililoandikwa. Akakasirika, akasema chuo hiki hakijawahi kuandika jina la mtu sawasawa, kwake yeye walikosea miaka miwili mfululizo. Akatoa kalamu nyekundu. Akakata jina langu mahali pote patatu, akaandika lake kwa mwandiko mzuri wa kizamani, akapiga muhuri: IMEPOKELEWA. Akaingiza kwenye daftari kubwa, na kwenye kompyuta. Akanibusu kwenye paji la uso. Saa kumi kasoro dakika nne!

Kwa hiyo fomu imefika kwa wakati. Mwaka umevukwa. Ila aliyevuka si mimi, ni binti mwenye jina la silabi saba, na Jumatatu mratibu atabandika orodha.

Sina wasiwasi hata kidogo. Kosa nimeshaliona: wajina ni mtu wa nje. Nitamwambia mratibu kwamba huyo ni pacha wangu, na kwamba tunasoma kwa zamu.